Ua la Nyanda za Juu na Mbu wa Namawala

Namawala ni kijiji cha mpunga, magharibi ya Ifakara, kwenye bonde la mto Kilombero. Ardhi yake iko mita kama 300 tu juu ya usawa wa bahari, na juu yake Milima ya Udzungwa imetanda. Mvua zikishakolea, maji hujaa mabondeni, na familia nyingi huhama nyumbani kwenda kuishi mashambani, kwenye madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Watoto huenda pamoja na wazazi wao. Usiku huko ni wa mbu.

Pareto haioti Namawala. Ukiipanda kwenye joto lile itatoa majani, ila maua hutayapata, kwa sababu mmea huu hauwezi kuchanua bila usiku wa baridi. Kwao hapa Tanzania ni Makete, Mufindi, Kilolo, Umalila na safu za Mporoto, kuanzia mita 1,800 kwenda juu, mahali ambapo asubuhi watu huotea moto. Hata hivyo ukitaka kuandika habari za watoto wa Namawala, waliokufa na waliopona, huwezi kuliruka ua hili. Milima linakolimwa nayo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mto Kihansi na mto Mnyera huanzia kwenye nyanda za Mufindi na Njombe, na maji yake huteremka mpaka Kilombero. Reli ya TAZARA hupita bondeni humo humo, ikafika Mlimba, kisha ikapanda kwenye mahandaki hadi Makambako, penye baridi.

Pareto ni ya ukoo wa alizeti. Kitaalamu huitwa Tanacetum cinerariifolium. Ua lake lina duara la manjano katikati na petali nyeupe pembeni, na mtu asiyelijua angelidhani pambo la bustani. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, mashariki ya Bahari ya Adria, nchi ambazo leo ni Kroatia na jirani zake. Huko lilijiotea lenyewe kwenye majabali ya chokaa, penye upepo wa bahari na udongo haba. Kabla yake, Wazungu walikuwa wakinunua unga wa kuua wadudu kutoka Uajemi na milima ya Kaukasi, uliosagwa kutokana na maua mekundu ya ndugu yake pareto. Wauzaji waliificha siri ya unga ule kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara mmoja Mwarmenia akaigundua, na mwanawe akaanza kuutengeneza kwa wingi mnamo 1828.

Ya Dalmatia ilijulikana baadaye kidogo. Watu wa Dubrovnik husimulia kuwa mwanamke mmoja alichuma maua meupe ya porini akayaweka nyumbani, yakanyauka, akayatupa pembeni. Siku chache baadaye akakuta wadudu wamekufa wakiwa wameyazunguka. Iwe ni kweli au ni hadithi tu, kilichofuata kinajulikana. Kufikia katikati ya karne ile maua ya porini hayakutosheleza tena wanunuzi, wakulima wakaanza kuyapanda kwa mistari, na unga wa Dalmatia ukauzwa Ulaya yote na Marekani. Mmea wa majabalini ukageuka zao.

Japani iliupokea mwaka 1886. Eiichiro Ueyama, mtoto wa wakulima wa machungwa huko Wakayama, alipewa mbegu na mgeni kutoka Marekani. Alizipanda, akawahamasisha wakulima wenzake, kisha akawaza namna ya kuutumia unga wake ndani ya nyumba. Mwaka 1890 akauchanganya na ute wa kugandisha akatengeneza vijiti vya kufukiza, mfano wa udi. Tatizo lilikuwa moja: kijiti kiliisha muda mfupi baada ya kuwashwa, mtu angali hajapitiwa na usingizi. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa shauri mwaka 1895 kwamba kijiti kirefushwe na kukunjwa kwa mzunguko. Ilichukua miaka kadhaa kupata jinsi ya kukikunja na kukikausha bila kukatika, na mnamo 1902 dawa ya mbu ya mzunguko ikaingia sokoni. Ndiyo hii hii inayouzwa leo kwenye maduka ya Ifakara, ya kijani, na kibati chake cha kuisimamishia. Moshi wa siku hizi kwa kawaida hutokana na kemikali za viwandani, lakini umbo ni lile la Yuki Ueyama, na nadhani jina lake lilistahili kujulikana na kila aliyewahi kulala usiku mzima kwa msaada wake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipovuruga biashara ya Dalmatia, Wajapani walilishika soko. Walilishika mpaka Afrika Mashariki ilipotokea.

Mwaka 1928 Kapteni Gilbert Walker, mlowezi wa karibu na Nakuru, alipanda pareto Kenya. Kilichowashangaza watu ni sumu yake. Maua ya nyanda za juu za Kenya yalikuwa na pairethrini, ndiyo sumu hiyo, nyingi kuliko ya Japani, na kwa kuwa huku hakuna majira ya baridi ya theluji, mmea uliendelea kuchanua miezi mingi ya mwaka badala ya kuvunwa mara moja. Katika miaka ya 1930 zao likavuka mpaka kuingia Tanganyika, Nyanda za Juu Kusini na kaskazini pia, likawa mikononi mwa walowezi. Wenyeji walikuwa vibarua.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Desemba 1941 Japani ilipoishambulia Pearl Harbor, Marekani ilipoteza kwa siku moja mmoja wa wauzaji wake wakubwa wa pareto, wakati huo huo ikiwapeleka askari wake kwenye visiwa vya Pasifiki vilivyojaa malaria. Wataalamu wawili wa serikali yake, Lyle Goodhue na William Sullivan, walikuwa wametengeneza kopo la chuma lenye pareto na gesi, ukibonyeza linatoa ukungu. Askari waliliita bomu. Mamilioni ya makopo hayo yalitengenezwa, na maua yake mengi yalitoka Kenya na Tanganyika. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliitia pareto katika orodha ya mazao ya lazima kwa vita, pamoja na mkonge na mpira, na vijana wa Kiafrika wakakamatwa kwa amri kwenda kuyafanyia kazi mashamba ya walowezi. Jambo hili husahaulika. Dawa iliyomkinga askari wa Marekani ilichumwa kwa mikono ya watu wasiokuwa na hiari, na vijijini kwao malaria iliendelea kama kawaida.

Kazi ya mikono ndiyo pareto yenyewe, hata leo. Mchumaji huingia shambani umande ukishakauka, kapu likiwa kiunoni au mgongoni. Hachumi kila ua. Hutazama lile duara la manjano, ambalo kwa hakika ni vijiua vidogo vingi vilivyobanana, vinavyofunguka kwa safu kuanzia pembeni kuelekea katikati. Safu tatu au nne zikishafunguka, ua limeiva. Likiwa bado, sumu ni ndogo. Likipitiliza, linaanza kuipoteza. Hulibana kwa vidole, akalikata kichwa bila kuacha kikonyo, maana kikonyo hakina kitu na mnunuzi hukikataa. Petali nyeupe zinazopendeza macho nazo karibu hazina kitu. Zaidi ya asilimia 90 ya pairethrini imo kwenye vijitunda vidogo vilivyo chini ya vile vijiua vya manjano. Wiki mbili zikipita, anarudi kwenye shina lile lile. Maua mabichi huanikwa kwenye vichanja, kwenye jua au kwenye chumba cha moto mdogo, mpaka yavunjike kwa kufinywa. Yakichelewa kuanikwa yanapata joto ndani ya gunia na kuungua. Mvua ikiyanyeshea, kazi ya siku nyingi inaoza. Kilo kadhaa za maua mabichi hutoa kilo moja tu makavu, na ndani ya kilo hiyo sumu yenyewe ni gramu 10 hadi 20.

Sumu hiyo ina tabia ya ajabu. Humshika mdudu kwenye mishipa ya fahamu, akaanguka papo hapo akitetemeka. Kwa binadamu madhara yake ni madogo. Na jua likiipiga, huvunjika na kuisha ndani ya siku moja au mbili. Wakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, wote wawili waliokuja kupata Tuzo ya Nobel, waliichambua huko Uswisi tangu miaka ya 1910 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1924, wakionyesha umbo lake kwa sehemu kubwa. Kuanzia hapo swali likawa: je, twaweza kuitengeneza bila ua?

Uswisi hiyo hiyo ilitoa jibu la namna nyingine kwanza. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa kampuni ya J. R. Geigy mjini Basel, aligundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu. Ilikuwa rahisi, na ikipakwa ukutani ilidumu miezi. Baada ya vita soko la pareto likatikisika. Mradi mkubwa wa malaria wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulinyunyizia nyumba dieldrini, kemikali nyingine ya kudumu, kuanzia 1955 hadi 1959.

Hapa Ifakara inaingia kwenye historia kwa mlango usiotarajiwa. Rudolf Geigy, profesa wa zuolojia, wa ukoo ule ule wa Geigy wenye kampuni, ndiye aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel mwaka 1943. Alifika Ifakara, walikokuwa wamisionari Wakapuchini kutoka nchini kwake, na mwaka 1957 akafungua maabara ndogo ya utafiti. Maabara hiyo ilikua, ikabadilishwa majina, ikawa chini ya Watanzania wenyewe, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa malaria barani Afrika.

Kutoka maabara hiyo watafiti walikwenda Namawala. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mradi wa Malaria wa Kilombero uliichagua Namawala pamoja na Michenga. Mitego ya taa ilitundikwa ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha mtu aliyelala chini ya chandarua. Asubuhi mbu waliokusanywa walihesabiwa, wakabaguliwa, wakapimwa kama wana vimelea kwenye tezi za mate. Hesabu iliyotoka ni ya kutisha: mtu wa Namawala alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea mara 300 hivi kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Tena watafiti waliona kwamba mbu walipungua kiangazi, ila vimelea kwenye damu ya watu havikupungua. Malaria haikuwa na msimu mwilini. Mtoto alizaliwa ndani yake. Homa kali ilipomshika akakakamaa na kugeuza macho, wengi waliiita degedege na kumpeleka kwa mganga, wakati mwingine akafikishwa hospitali wakiwa wameshachelewa.

Wakati huo kemia ilikuwa imekwishalijibu lile swali la Staudinger na Ruzicka. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, sumu iliyoundwa kwa kufuata umbo la pairethrini lakini isiyovunjwa upesi na jua. Jamaa hii ya sumu za kutengenezwa huitwa pairethroidi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wakaichovyea chandarua, na hapo kitambaa kilichokuwa kizuizi tu kikawa mtego wa kuua.

Mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua Kilombero na Ulanga mwaka 1997, kwa bei iliyopunguzwa, kupitia maduka, viongozi wa vijiji na wahudumu wa afya. Dawa iliitwa Zuia Mbu. Mtu alinunua pakiti, akaimimina kwenye beseni la maji yaliyopimwa, akavaa glavu, akakikanda chandarua mpaka kila uzi ukalowa. Kisha hakukitundika juani. Alikitandaza juu ya mkeka au godoro kivulini kikauke taratibu, dawa isichuruzike ikaishia chini. Wengi walipata chandarua chenye dawa kwa mara ya kwanza maishani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kulala ndani ya chandarua chenye dawa kuliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kazi ile ya Kilombero ndiyo iliyoipa serikali ujasiri wa kuanzisha hati punguzo kwa wajawazito mwaka 2004, nchi nzima ikafuata.

Mwaka 2006 ukoo wa alizeti ulileta msaada wa pili. Tanzania iliachana na dawa ya malaria ya SP na kuanza kutumia dawa mseto, ALu, ambayo sehemu yake moja hutokana na mmea wa China uitwao Artemisia annua, ndugu wa mbali wa pareto. Uwezo wake wa kutibu malaria ulithibitishwa na timu ya mtafiti Mchina Tu Youyou mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 2000 wakulima wa Tanzania na Kenya waliulima kwa ajili ya viwanda vya dawa. Mmoja humzuia mbu, mwingine huua vimelea.

Lakini mbu hakukaa kimya. Anopheles gambiae, aliyekuwa mchawi mkuu wa bonde, alipungua mpaka akakaribia kutoweka. Akabaki Anopheles arabiensis, ambaye huuma pia nje na hupenda ng'ombe, na Anopheles funestus. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa huyu funestus, ingawa ni mchache kuliko arabiensis, ndiye aliyesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vilivyochunguzwa bondeni. Na ana usugu mkali dhidi ya pairethroidi. Hutua juu ya chandarua chenye dawa akaondoka salama.

Nina rai yangu hapa, na sitaificha. Wanasayansi waliuona udhaifu wa pareto kuwa ni ule wa kuvunjwa na jua, wakauondoa. Kwa chandarua walifanya vema. Bila hivyo watoto wengi wa Kilombero wasingekuwapo. Lakini sumu isiyokwisha upesi haikubaki kwenye chandarua. Ilikwenda pia kwenye bomba la mgongoni la mkulima. Uchunguzi uliofanywa kwa wakulima wa Kilombero na Ulanga ulikuta pairethroidi ni miongoni mwa viuatilifu vinavyotumika sana kwenye mpunga na mboga. Mabaki huoshewa mitaroni na mabondeni, viluwiluwi vya mbu hukulia humo, na walioshinda dawa ndio wanaozaa. Tumekuwa tukimfundisha mbu mchana kile tulichotaka kimuue usiku.

Dawa ya usugu huo nayo imetoka kwenye historia ya pareto. Mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto huzidisha nguvu yake mara kadhaa, ingawa yenyewe hayaui mdudu. Ufuta huo huo unaolimwa Kilombero! Wakemia wakaitafuta siri hiyo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 wakapata piperonili butoksaidi, PBO kwa kifupi, iliyotengenezwa makusudi ili pareto kidogo ifanye kazi ya pareto nyingi. Huzuia vimeng'enya ambavyo mdudu hutumia kuisambaratisha sumu mwilini. Ni kinga ile ile aliyojijengea funestus. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa vyandarua vyenye PBO viliwakinga watoto zaidi kuliko vya kawaida, na sasa vinagawiwa katika maeneo yenye usugu.

Na ua lenyewe? Kenya, iliyotawala soko la dunia kwa miongo mingi, iliona uzalishaji ukianguka baada ya miaka ya 1980, wakulima waliochoka kusubiri malipo wakang'oa mashina wakapanda viazi. Kisiwa cha Tasmania, Australia, kikalima kwa mashine na kuchukua nafasi ya kwanza. Tanzania imeendelea. Kiwanda cha Mafinga kinanunua maua ya wakulima wadogo na kuyakamua, na dondoo husafirishwa kwenda kuwa dawa za majumbani na za kilimo hai ng'ambo. Mkulima wa Umalila anayeanika maua yake kwenye kichanja anastahili malipo yanayolingana na pairethrini iliyopimwa, tena apimiwe akiona. Kwa sababu sumu isiyochafua, inayofanya kazi yake kisha ikaisha, hatuna nyingi za namna hiyo.

Kwako msomaji uliye Ifakara, Idete au Namawala: kabla hujanunua dawa ya kupulizia nyanya au mpunga, soma kibandiko. Jina la sumu iliyomo likiishia na herufi "thrin", hiyo ni ya ukoo mmoja na ile iliyo kwenye chandarua cha mtoto wako. Muulize bwana shamba kama kuna nyingine itakayofaa kwa mdudu huyo, na mabaki ya bomba usiyamwage kwenye mfereji wa mpunga.